Kwa nini daktari amekuwekea matuta kwenye meno

Simama mbele ya kioo, funga meno ya nyuma yakutane kama unapotafuna, halafu vuta midomo pembeni. Meno ya chini ya mbele unayaona kwa kiasi gani? Kwa kawaida meno ya juu hufunika kama theluthi moja ya yale ya chini, milimita 2 hadi 4 hivi. Mimi nilikuwa sioni kitu. Nikiuma, meno yangu ya chini yalipotea yote, kama mtoto aliyejifunika shuka gubigubi.

Hali hii kliniki wanaiita dipu baiti. Hapa nitaiita mfuniko wa kina, maana ndicho kinachoonekana. Isichanganywe na meno ya juu kutokeza mbele. Kutokeza ni umbali wa kwenda mbele, mfuniko ni umbali wa juu kwenda chini. Mtu anaweza kuwa na kimoja, au vyote viwili, na tiba zake hazifanani.

Daktari wa kwanza niliyemwendea alinibandikia vinundu viwili vya buluu nyuma ya meno ya mbele ya juu, akaniambia "utazoea," akamwita mgonjwa mwingine. Jioni ile nilikaa mezani na sahani ya wali, nikagundua magego yangu hayakutani. Nilikuwa nauma hewa. Ugali unamezeka hata bila kutafuna sana, lakini wali unataka kusagwa, na mimi sikuwa na jiwe la kusagia. Wiki nzima niliishi kwa uji na mtori, nikiamini kwamba yule daktari amekosea. Baadaye nilipata mwingine aliyekuwa na subira ya kueleza, ndipo nikajua kwamba vile vinundu vilikaa mahali pake. Kosa lilikuwa kuninyima dakika tano za maelezo. Hizo dakika tano ndizo ninazotaka kuziandika hapa.

Tuanze na jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote yanafuata. Jino halina breki yake lenyewe. Linapanda kutoka kwenye mfupa mpaka likutane na kitu: jino la upande wa pili, ulimi, mdomo, kidole cha mtoto anayenyonya. Kikiondoka kile kinacholizuia, linaendelea na safari, hata kwa mtu mzima. Ng'oa gego la chini usiweke bandia, na baada ya miaka utakuta gego la juu lililokuwa likikutana nalo limeteremka kwenye pengo.

Mfuniko wa kina mara nyingi ni habari ya breki. Meno ya mbele ya juu na ya chini yamepishana vibaya, hakuna linalomzuia mwenzake, yakapanda kupita kiasi. Au magego hayakupanda vya kutosha. Au magego yameng'olewa na taya limefunga zaidi ya ilivyopaswa. Au mtu amezaliwa na uso mfupi, taya pana na misuli ya kutafuna yenye nguvu. Huyu ukimgusa shavuni akiuma unahisi fundo gumu kama ngumi. Mara nyingi sababu ni mchanganyiko wa hizo, na urithi una sehemu yake. Marehemu baba yangu naye alikuwa hivyohivyo.

Si kila mfuniko wa kina unahitaji tiba. Wako wazee waliotafuna nao mahindi ya kuchoma maisha yao yote. Shida huanza pale meno ya chini yanapochoma kaakaa, au ya juu yanapokwangua ufizi wa mbele wa yale ya chini hadi mizizi ikaanza kuonekana, au ncha zinaposagana zikawa bapa. Kwangu yalikuwa yameacha alama mbili kwenye kaakaa, ambazo ulimi wangu ulizijua siku nyingi kabla sijazionyeshwa kwenye kioo.

Jino gani lisogee?

Ukimsikia mtu anasema "nataka kurekebisha dipu baiti," jua bado hajasema kitu. Mfuniko unaweza kupunguzwa kwa njia zisizofanana kabisa. Unaweza kuyazamisha meno ya mbele kwenye mfupa. Unaweza kuyaacha magego yapande, na mdomo ukafunguka. Unaweza kuyalaza mbele meno yaliyoinamia ndani: ni kama ngazi iliyoegemea ukutani, ukivuta miguu yake nje, kichwa kinashuka bila ngazi kupungua urefu. Kwa mifupa iliyopishana sana upo upasuaji wa taya, lakini huo ni wa wachache.

Hesabu ya magego inashangaza kidogo. Taya hufunguka kama mkasi, na bawaba yake iko mbele ya sikio. Gego likipanda milimita 1 huko nyuma, mbele mdomo unafunguka karibu mara mbili yake. Kwa hiyo kupandisha magego ndiyo njia rahisi zaidi, na kwa mtu wa uso mfupi ni baraka: kidevu kinashuka kidogo na uso unapata urefu uliokosekana. Mpe njia hiyohiyo mtu mwenye uso mrefu, ambaye midomo yake tayari inafungika kwa shida, na utamwongezea tatizo. Huyo anahitaji kuzamishiwa meno ya mbele.

Hata hapo, yapi ya mbele? Ya juu au ya chini? Daktari mzuri atakuomba ucheke. Mtu ambaye akicheka ufizi wote uko nje anaweza kuzamishiwa ya juu, na atakushukuru. Lakini mdomo wa juu hushuka kadiri umri unavyosogea, na meno ya juu yanaonekana kidogo zaidi kila muongo. Ukimzamishia ya juu mtu wa miaka 40 ambaye tayari hayaonyeshi, umemzeesha kwa pesa yake mwenyewe. Kwangu mimi iliamuliwa ya chini yazame na magego madogo yapande.

Kisha kuna mkunjo wa Spee. Mwaka 1890 mwanaanatomia Mjerumani Ferdinand Graf von Spee alieleza kwamba safu ya meno ya chini, ukiitazama kwa ubavu, haiko sawa kama rula, imebonyea katikati. Kwa mtu mwenye mfuniko wa kina ubonyeo huo unakuwa kama tumbo la mtumbwi: meno ya mbele yameinuka, gego la mwisho limeinuka, na magego madogo yaliyo nyuma ya chonge yamekaa bondeni. Kusawazisha mtumbwi huo ni nusu ya kazi. Kumbuka hapo bondeni, tutaparudia.

Tuta la kinywani

Barabarani tuta linakupunguzia mwendo. Kinywani linakuzuia kufika. Vile vinundu vyangu vya buluu nyuma ya meno ya juu vilikuwa na kazi hiyo: nikifunga mdomo, meno ya chini ya mbele yanagonga tuta kwanza, na magego yanabaki hewani. Sasa rudi kwenye habari ya breki. Magego yaliyo hewani hayana wa kuyazuia, kwa hiyo yanaanza kupanda kutafutana. Meno ya mbele nayo, yanayobeba mzigo wote wa kuuma, hayapati nafasi ya kupanda tena na yanaweza kuzama kidogo. Kwa mtoto anayekua mambo huenda haraka, maana mfupa wenyewe uko safarini. Kwa mtu mzima ni polepole zaidi, na misuli yenye nguvu hupigana na mabadiliko.

Ukiona tuta limewekwa juu ya magego badala ya nyuma ya meno ya mbele, shabaha imebadilika. Mara nyingi hapo daktari hataki magego yapande, au anataka tu kuyatenganisha meno kwa muda ili ya juu yasizigonge braketi za chini, vile vibati vinavyoshikilia waya wa bresi. Hiyo ya mwisho ni sababu ya kawaida mno. Mtu mwenye mfuniko wa kina akibandikwa braketi kwenye meno ya chini bila tuta, atazivunja kwa mlo wa kwanza.

Rangi ya buluu haikuwa urembo. Dawa inayotengenezewa vinundu hivyo ni ndugu wa ile nyeupe ya kuzibia meno, na ikiwa na rangi ya jino daktari atapata shida siku ya kuiondoa, asijue tuta linaishia wapi na jino linaanzia wapi. Buluu inampa mpaka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Norman Kingsley wa New York alikuwa akitumia bamba la kuvaa kinywani kuongoza mng'ato tangu karne ya 19. Bamba la kuvuliwa bado lipo, hasa kwa watoto, na udhaifu wake unaujua kila mzazi: linafanya kazi likiwa mdomoni, halifanyi likiwa ndani ya begi la shule.

Kuhusu bresi zenye waya nitapita haraka, maana kanuni ni ileile. Daktari anaweza kubandika braketi za meno ya mbele karibu zaidi na ncha, nusu milimita tu, na waya ulionyooka ukafanya kazi ya kuzamisha wenyewe. Anaweza kuweka waya wenye mkunjo wa kinyume, au waya unaoruka magego madogo na kushika gego kubwa na meno ya mbele pekee, mtindo ambao Mmarekani Charles Burstone aliupigia hesabu kwa makini. Au skrubu ndogo kwenye mfupa, iwe nguzo ya kuvutia. Katika yote hayo nguvu ya kuzamisha jino moja ni gramu 10 hadi 20 tu, sawa na vijiko vichache vya chai vya sukari. Ukizidisha, jino halizami haraka zaidi. Unaupa mzizi sababu ya kulika.

Plastiki inasukuma, haivuti

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliosoma biashara pamoja Stanford, walianzisha kampuni ya Align Technology nchini Marekani. Wazo lilikuwa la Chishti, aliyevaa bresi ukubwani: kama kile kifaa cha plastiki cha kutunza meno yasirudi yalikotoka kinaweza kulirudisha jino lililosogea kidogo, kwa nini mfululizo wa plastiki, kila moja imetofautiana kidogo na iliyotangulia, usilipeleke jino safari nzima? Ndizo trei angavu za leo. Unavaa saa 20 hadi 22 kwa siku, unabadilisha kila wiki moja au mbili.

Tatizo ni kwamba jino ni kama embe lililomenywa. Kulisukuma ni rahisi. Kulishika ulivute ni kazi nyingine. Trei laini juu ya jino laini inateleza. Kwa hiyo daktari anabandika vishikizo: vinundu vya dawa nyeupe, vya urefu wa milimita 3 au 4 na unene wa kama 1, vilivyochongwa pembe. Trei ina mifuko inayovipokea. Unapoivaa unasikia "tap, tap," mmoja baada ya mwingine.

Umbo la kishikizo linasema kinachotakiwa. Kuta za wima hulizungusha jino au huunyoosha mzizi. Cha kulala, chenye uso bapa unaotazama ufizi, kinaipa plastiki kingo ya kunasa chini yake ilichomoze jino, yaani ilivute litokeze zaidi kwenye ufizi. Cha kushangaza ni kwamba kwenye mfuniko wa kina, meno yanayotakiwa kuzama mara nyingi hayawekewi kishikizo kabisa. Mimi pia niliwekewa trei. Nilipopewa kioo nikaona vishikizo kwenye magego madogo, nilimuuliza daktari wa pili, "Daktari, si tulisema meno ya mbele?"

"Dada, ya mbele tunayabonyeza," akanijibu. "Kubonyeza hakuhitaji mpini. Anayehitaji kushikwa ni trei."

Alichukua trei yangu ya chini, akaikandamiza kwenye modeli ya meno yangu. Trei inapoyabonyeza meno ya mbele, meno nayo yanaisukuma trei iachie. Bila kitu cha kuikamata huko nyuma, inainuka kidogo, nguvu inapotea, na kwenye kompyuta kila kitu kinaendelea kuonekana safi. Vishikizo vya magego madogo ndivyo vinavyoikamata. Na kwa kuwa trei inataka kuinuka, inavivuta navyo: magego madogo yanapata msukumo wa kupanda. Yale yale yaliyokaa bondeni kwenye tumbo la mtumbwi! Kinundu kimoja kinazamisha jino ambalo hakijaligusa na kulipandisha lile lililokibeba. Nilipoelewa hapo, niliacha kuviona kama madoa.

Trei zina hila yao pia. Zinafunika magego juu na chini, na kila unapozivaa unatafuna plastiki mbili. Magego yanapokea shinikizo la kuzama usiku na mchana, kinyume kabisa na tunachotaka, na mfuniko unaweza kuongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana mfuniko wa kina ulikuwa moja ya kesi ngumu za trei. Mwaka 2014 kampuni ya Align ilikuja na seti maalumu kwa ajili yake, iliyoitwa G5: vishikizo vya magego madogo, maeneo ya shinikizo nyuma ya meno ya mbele ili yazame bila kuinama, na ngazi ndogo za plastiki nyuma ya meno ya juu. Hizo ngazi ni lile tuta letu la buluu, ila sasa liko kwenye trei na linavuliwa nayo. Zinahitaji meno ya chini yazifikie. Kama ya juu yametokeza sana, ya chini yanauma nyuma ya ngazi, na basi ni pambo tu, au mbaya zaidi zinamsukuma mtu arudishe taya nyuma.

Tusidanganyane kuhusu ile video ya kompyuta unayoonyeshwa siku ya kwanza, meno yakisogea kama wacheza gwaride. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulikuta kwamba wastani wa 41% tu ya mwendo uliopangwa ndio uliotokea mdomoni, na kuchomoza jino ndiko kulikofanya vibaya zaidi, chini ya 30%. Ufuatiliaji wa mwaka 2020 ulipata wastani wa 50%. Madaktari wanaojua wanapanga kuzidisha kwenye kompyuta ili mdomoni ipatikane inayotosha, na wanakuambia mapema kwamba kutakuwa na awamu ya pili ya trei. Asiyekuambia, muulize.

Gundi, na meno ya Arusha

Kishikizo ni imara sawasawa na gundi yake. Jino linasafishwa, linakaushwa, linapakwa tindikali ya fosforasi ya 37% kwa sekunde 15 hadi 30, linaoshwa. Ukitazama wakati huo utaona limekuwa jeupe bila mng'ao, kama chaki. Tindikali imechimba vishimo visivyoonekana kwa macho. Gundi inaingia humo, taa ya buluu inaikausha, nayo inashika kama mizizi kwenye udongo. Ufundi huo ni wa Michael Buonocore, mwaka 1955, aliyejua kwamba viwandani walikuwa wakitumia tindikali hiyo ili rangi ishike kwenye chuma.

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tuna kesi yetu. Maji ya huku yana floridi nyingi, mahali pengine mara kadhaa zaidi ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayotia kwenye makande na maharage yanaongeza. Ndiyo rangi ya kahawia inayotutambulisha hata tukiwa Dar. Watu wanaijua kwa ubaya wa sura tu. Lakini ngozi ya nje ya jino lenye floridi nyingi ni sugu kwa tindikali, vishimo havichimbiki vizuri, na gundi inashika kwa mashaka. Jino likiwa limeathirika sana, uso wake unaweza kumeguka pamoja na gundi.

Kishikizo changu cha gego dogo la kushoto kiliachia mara tatu. Mara ya kwanza nilikimeza na muhogo. Mara ya pili nilikikuta kwenye trei, punje nyeupe niliyoidhani ni wali. Mara ya tatu daktari aliuliza, "Umekulia wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akalisugua jino kwa kichongeo chepesi kuondoa ngozi ile ya juu, akaongeza muda wa tindikali, akabandika upya. Hakikutoka tena. Kwa hiyo ukiwa wa Arusha, wa Kilimanjaro au wa Bonde la Ufa upande wa Kenya na meno yako yana madoa, litaje hilo kabla hajafungua chupa ya gundi. Na kishikizo kikitoka usisubiri miadi ya mwezi ujao. Trei zinazofuata zimetengenezwa zikijua kipo, na jino lisilo nacho litaachwa nyuma na wenzake.

Mengine utayajua mwenyewe. Vishikizo vinashika rangi: chai ya rangi polepole, manjano ya biriani kwa mlo mmoja. Ndani ya shavu patachubuka siku za mwanzo. Ukila bila trei, chakula kinakwama pembeni ya kila kinundu, na mswaki usipofika hapo utabaki na duara jeupe la uozo siku vikiondolewa. Kuondoa kwenyewe ni dakika chache za mashine na vumbi lenye harufu ya plastiki, kisha ulimi unashangaa kwa siku mbili jinsi meno yalivyo laini.

Kwangu magego yalikutana tena katika mwezi wa saba wa tiba, kulia kwanza, kushoto baadaye. Alama mbili za kaakaa zimefutika. Lakini ile habari ya breki haina likizo: misuli iko palepale, na meno yaliyozamishwa yangependa kupanda tena. Kila usiku navaa trei ya kutunza, na daktari aliacha kingazi kidogo nyuma ya meno ya juu. Meno ya chini yakilala, yanakiegemea hapo mpaka asubuhi.